Raia wa heshima wa Berlin: tuandikieni mwaka, aliyetoa, na kama jina bado limo

Mhariri,

Mara kwa mara magazeti ya Kiswahili, yakichukua habari kutoka mashirika ya nje, huandika kwamba mtu fulani "amepewa uraia wa Berlin", au kwamba mji fulani wa Ujerumani "umemvua uraia" mtu aliyefariki zamani. Msomaji anabaki na maswali. Huyo aliyepewa sasa ana pasipoti ya Ujerumani? Na marehemu anavuliwaje uraia? Tunaomba nafasi tueleze jambo hili linavyokwenda, tukitumia Berlin kwa sababu orodha yake ya raia wa heshima ina zaidi ya miaka 200 na imepita mikononi mwa wafalme, jamhuri, Wanazi, Wasovieti na serikali mbili zilizokuwa hazisemezani. Tunachoomba kwa meza ya habari ni hiki: jina lolote la orodha hiyo liandikwe pamoja na mwaka, mamlaka iliyolitia, na hali yake leo.

Kwanza, heshima hii ni ya mji, si ya taifa. Haina pasipoti, haina kura, haina mshahara. Berlin ni mji na jimbo kwa pamoja, kwa hiyo anayetoa ni Seneti, yaani serikali ya mji, baada ya kukubaliana na Bunge la Berlin. Mhusika hukabidhiwa hati, picha yake huwekwa katika safu ya picha za raia wa heshima ndani ya jengo la Bunge, na akifariki mji humtunzia kaburi la heshima. Katika miji ya kawaida uamuzi ni wa baraza la madiwani, na kila jimbo lina sheria yake. Nordrhein-Westfalen, kwa mfano, inataka theluthi mbili, kwa kutoa na kwa kuondoa pia. Hizo ni theluthi mbili za idadi ya madiwani iliyowekwa kisheria, si za waliohudhuria. Madiwani wakikosekana kikaoni, pendekezo laweza kuanguka hata kama karibu wote waliopo wameliunga mkono. Mwandishi anayeripoti kwamba "baraza limekataa" afadhali aulize kwanza kura zilihesabiwaje.

Zamani kuwa raia wa mji lilikuwa jambo la mfukoni. Sheria ya miji ya Prussia (ufalme wa Ujerumani ya zamani, Berlin ikiwa mji wake mkuu) ya Novemba 1808 iliwagawa wakazi makundi mawili. Kulikuwa na raia wa mji, walioruhusiwa kumiliki nyumba na viwanja, kufanya biashara na kuchagua madiwani, nao wakabeba michango na kazi za mji zisizo na malipo. Na kulikuwa na waliokaa tu chini ya ulinzi wa mji. Kumpa mtu uraia kwa heshima kulimpa cheo bila kumtwisha mzigo. Sheria ya 1853 iliandika hivyo waziwazi: mji waweza kuwapa heshima hiyo wanaume walioutumikia vyema, bila kujali masharti ya kawaida ya uraia, na wasidaiwe wajibu wowote. Ilisema wanaume, na kwa muda mrefu ikawa hivyo.

Wa kwanza Berlin, mwaka 1813, hakuwa mfalme wala jenerali. Alikuwa kasisi, Conrad Gottlieb Ribbeck, mkuu wa kanisa la Nikolai. Majenerali walifuata upesi, akiwemo Blücher, kwani huo ulikuwa wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Hamburg nayo ilianza orodha yake mwaka huohuo, na ilimwanza Friedrich Karl von Tettenborn, ofisa wa farasi katika jeshi la Urusi, aliyeingia mjini Machi 1813 Wafaransa walipoondoka. Kabla ya miezi mitatu kutimia Wafaransa walikuwa wamerudi. Jina la Tettenborn lilibaki, na ukiondoa tarehe yake huwezi kuelewa kwa nini mji wa wafanyabiashara ulianza na mpanda farasi wa jeshi la kigeni.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu ya tarehe ni Robert Koch. Wengi wakisoma kwamba Koch ni raia wa heshima wa Berlin hudhani alipewa kwa sababu ya kugundua bakteria wa kifua kikuu. Ugunduzi huo aliutangaza Machi 1882. Uraia wa heshima ulikuja 1890. Mwaka huo, mwezi Agosti, Koch alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin akasema amepata kitu kinachozuia bakteria hao kwa wanyama wa maabara. Novemba kikatoka kama dawa ya binadamu, tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi, sindano zikadungwa, na Koch hakuwa ameeleza dawa hiyo imetengenezwa kutokana na kitu gani. Ni katika joto hilo ndipo mji ulipompa heshima yake kuu. Januari 1891 mwanapatholojia Rudolf Virchow akaonyesha madaktari wenzake matokeo ya uchunguzi wa maiti za wagonjwa waliodungwa: ugonjwa haukuwa umekoma, na kwa baadhi yao ulionekana kuenea. Dawa ikaanguka. Kilichobaki ni kipimo, maana mwili wa mtu mwenye maambukizi huitikia tuberkulini, na kipimo cha ngozi cha Mantoux kinachotumika hospitalini hadi sasa kimetoka huko. Tuzo ya Nobel aliyopewa Koch mwaka 1905 ilikuwa kwa utafiti wake wa kifua kikuu, na inasimama imara. Lakini mji ulimheshimu siku zile kwa ajili ya tiba ambayo haikuwa tiba. Mwandishi akiacha mwaka 1890 nje ya habari yake, hayo yote yanapotea.

Koch huyohuyo alifika kwetu. Mwaka 1906 na 1907 aliongoza msafara wa kutafiti ugonjwa wa malale katika Visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, akitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Dozi zilipopandishwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka moja kwa moja. Alikuwa raia wa heshima wa Berlin kwa miaka zaidi ya 15 wakati huo, na hakuna aliyelileta suala hilo mbele ya mji. Tunalitaja kwa sababu vitabu vyetu vya shule humtaja Koch kwa bakteria tu.

Virchow alipewa heshima hiyo 1891, mwaka alioibomoa tuberkulini, ingawa sababu ilikuwa nyingine, nayo kwa maoni yetu ndiyo sababu safi kuliko zote katika orodha nzima. Alikuwa diwani wa Berlin tangu 1859 hadi alipofariki 1902. Berlin ya wakati ule ilimwaga maji machafu katika mifereji ya wazi kandokando ya barabara, yakasimama mbele ya milango ya watu. Virchow aliusukuma mji ujenge mabomba ya chini ya ardhi. Mhandisi James Hobrecht aliugawa mji katika mitandao 12, kila mmoja ukiwa na kituo chake cha pampu. Maji machafu yalitelemka hadi kituoni, yakasukumwa nje ya mji na kumwagwa kwenye mashamba yaliyotengwa, ambako udongo uliyachuja. Ujenzi ulianza 1873. Faida ya kuugawa mji hivyo ni kwamba kila mtandao ungeweza kukamilika na kuanza kazi bila kungoja mwingine, na pampu moja ikiharibika mji wote haukwami. Huyu ni mtu ambaye mkazi wa Berlin angeweza kuonyesha kwa kidole alichoufanyia mji.

Heinrich Schliemann ni kisa kingine kabisa. Alipewa 1881. Mwaka 1873, akichimba Hisarlik katika dola ya Osmani, alipata hazina ya dhahabu aliyoamini ni ya mfalme wa Troya, mji wa hadithi za Wagiriki wa kale, akaitorosha nje ya nchi. Serikali ya Osmani ilimshtaki, akalipa fidia. Baadaye akautoa mkusanyo wake kwa watu wa Ujerumani, uhifadhiwe Berlin, na mwaka huohuo mji ukampa uraia wa heshima. Mwaka 1945 Jeshi la Sovieti liliichukua dhahabu hiyo, na leo imo katika Makumbusho ya Pushkin, Moscow. Kwa hiyo mji ulimshukuru mtu kwa zawadi iliyotoka kwa wenyewe bila ridhaa, kisha nao ukanyang'anywa. Wasomaji wanaofuatilia mjadala wa mabaki na mali za kale zilizochukuliwa Afrika watakiona kisa hiki kwa jicho lao, na wana haki ya kupewa tarehe zote tatu.

Bismarck, kansela wa kwanza wa dola ya Ujerumani, tutampita haraka. Berlin ilimpa 1871, na alipotimiza miaka 80, mwaka 1895, mamia ya miji yalimpa pia, kwa kuwa Bunge la taifa lilikuwa limekataa hata kumtumia salamu za pongezi. Hayo ya 1895 yalikuwa siasa za mwaka mmoja.

Sasa tufike mahali penye uchungu. Mwaka 1927 Berlin ilimpa heshima hiyo mchoraji Max Liebermann, akitimiza miaka 80. Alikuwa Myahudi, mwenyeji wa Berlin, rais wa Chuo cha Sanaa cha Prussia, na nyumba yake ilipakana na Lango la Brandenburg. Mwaka 1933 alijitoa katika Chuo hicho. Tarehe 20 Aprili mwaka huo, siku ya kuzaliwa kwa Adolf Hitler, mji uleule ukawatia katika orodha ileile Hitler na rais Paul von Hindenburg. Liebermann alifariki 1935. Mwaka 1943 mjane wake Martha, alipojulishwa kwamba atapelekwa kambini Theresienstadt, alijiua. Mume wake alikuwa raia wa heshima wa mji huo, na heshima hiyo haikumsaidia kitu. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba haina ulinzi wowote wa kisheria ndani yake.

Desemba 1948 mamlaka ya mji iliwafuta Hitler na viongozi wenzake wa Nazi Göring, Goebbels na Frick. Hindenburg hakufutwa. Kwa wakati huo mji ulikuwa umeshapasuka kati ya Mashariki ya Wasovieti na Magharibi, na tangu hapo zikawa orodha mbili. Magharibi walimtia Lucius Clay, jenerali wa Marekani aliyehusika na daraja la ndege lililoulisha mji ulipozingirwa, na mshairi Nelly Sachs aliyekimbilia Sweden mwaka 1940. Mashariki walimtia mwandishi Anna Seghers mwaka 1981, na mwaka 1970 wakampa Heinrich Zille, mchoraji wa maisha ya maskini wa Berlin aliyekuwa amefariki 1929. Baada ya nchi kuungana, mwaka 1992 orodha zikaunganishwa, na baadhi ya majina ya Mashariki yakaachwa nje.

Aliyeachwa nje akaleta ubishi mkubwa ni Nikolai Bersarin, jenerali wa Sovieti aliyekuwa kamanda wa kwanza wa Berlin, Aprili 1945. Alikaa madarakani wiki chache tu, kwani mwezi Juni alikufa kwa ajali ya pikipiki. Katika muda huo mfupi alipanga mgawo wa chakula kwa mji uliokuwa magofu, akarudisha usafiri na kufungua majumba ya maonyesho. Mashariki walimpa heshima 1975, yaani miaka 30 baada ya kifo chake. Mwaka 1992 jina lake halikuhamishiwa katika orodha ya pamoja. Kulikuwa na madai kwamba alishiriki kuwahamisha watu kwa nguvu katika nchi za Baltiki. Watafiti walipoyafuatilia hayakusimama, na mwaka 2003 Berlin ikamrudisha. Mtu mmoja, basi, alitiwa, akaachwa, akatiwa tena. Gazeti likiandika tu kwamba "Bersarin ni raia wa heshima wa Berlin" halijasema uongo, lakini limeficha habari yenyewe.

Na wanawake? Mwanamke wa kwanza Berlin alikuwa Louise Schroeder, 1957, miaka 144 baada ya kasisi Ribbeck. Aliukaimu umeya mwaka 1947 na 1948, katika njaa na baridi ya baada ya vita. Hamburg ilichelewa zaidi: Ida Ehre, mwigizaji na mkuu wa jumba la maigizo, aliingia 1985. Marlene Dietrich, mzaliwa wa Berlin aliyechukua uraia wa Marekani mwaka 1939 na kuwaimbia wanajeshi wa upande uliopigana na Hitler, alipewa 2002, miaka kumi baada ya kuzikwa Berlin. Mwaka 2018 walipewa Inge Deutschkron na Margot Friedländer, wanawake wa Kiyahudi walionusurika utawala wa Nazi. Hao wawili walipokea wakiwa hai, na tofauti hiyo si ndogo.

Hapo ndipo lilipo suala la kisheria ambalo habari nyingi hulikosea. Wanasheria wa miji hufundisha kwamba uraia wa heshima ni haki ya mtu binafsi, na hukoma anapokufa. Ikiwa ni hivyo, Hitler alikwisha kuupoteza tarehe 30 Aprili 1945, na hakuna cha kumvua. Miji mingi ilijificha nyuma ya hoja hiyo kwa miongo mizima. Bad Doberan, kwenye pwani ya Baltiki, ulipiga kura ya kumfuta Hitler mwaka 2007 tu, wakati viongozi wa G8, kundi la mataifa manane yenye nguvu, walipokuwa wakitarajiwa kukutana Heiligendamm, ndani ya eneo la mji huo. Baraza linapopiga kura namna hiyo haliondoi haki, maana haki haipo tena. Linatangaza kwamba mji haujihusishi tena na tendo lile. Neno la kutumia katika habari ni kwamba mji "umelifuta jina katika orodha". Hoja ya kifo nayo ina tobo, kwani Berlin yenyewe imewapa heshima Zille, Bersarin na Dietrich wakiwa marehemu. Ukiweza kumtia mtu baada ya kufa, hoja kwamba huwezi kumtoa haina miguu.

Hindenburg aliendelea kubaki. Jaribio la kumtoa lilishindwa katika Bunge la Berlin mwaka 2015. Mwaka 2020 vyama vya SPD, Die Linke na Kijani vilipata wingi, na Seneti ikalifuta jina lake. Hoja haikuwa kwamba alikuwa Nazi. Ilikuwa kwamba alimteua Hitler kuwa kansela tarehe 30 Januari 1933, na tarehe 28 Februari akatia saini amri iliyosimamisha haki za msingi za raia baada ya moto wa jengo la Bunge la taifa. Kura yenyewe ilipigwa tarehe 30 Januari, kumbukumbu ya uteuzi ule. Waliopinga walisema historia haifutwi kwa kura. Sisi tunaona hoja hiyo imekosea lengo, kwa sababu hati za 1933 zipo kwenye kumbukumbu za mji na hakuna aliyezichana. Kilichobadilika ni orodha ya watu ambao mji unawataja leo kama mfano wake.

Kuna pia waliokataa. Ulm, mji alikozaliwa Albert Einstein, uliuita mtaa jina lake mwaka 1922, ukalibadilisha 1933, ukalirudisha 1945. Mwaka 1949 ukataka kumpa uraia wa heshima. Einstein alikataa, kwa sababu ya yale Wayahudi waliyofanyiwa Ujerumani. Orodha za miji hazionyeshi waliokataa, kwa hiyo jina kukosekana si lazima liwe kosa la mji.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jina moja la kuangalia. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Ujerumani katika vita vya 1914 hadi 1918 kwenye ardhi yetu, vita vilivyomaliza wapagazi na vyakula vya vijiji vingi, alipewa uraia wa heshima na Saarlouis, mji alikozaliwa. Mwaka ulikuwa 1956, si 1919 wakati wa shangwe za kurudi kwake. Waliompa walikuwa na miaka 11 tangu Hitler aanguke na walijua walichokuwa wakifanya. Gazeti linapomtaja, litaje na mwaka huo.

Kwa hiyo habari ya namna hii ikifika mezani kwenu, ulizeni kwanza ni mji upi, maana Bismarck na Hindenburg walikuwa raia wa heshima wa miji mingi mno, na kufutwa na mmoja si kufutwa na mingine. Kisha mwaka, na kilichokuwa kikiendelea mwaka huo. Kisha chombo kilichoamua: kama ni Berlin kati ya 1948 na 1990, semeni ni ya Mashariki au ya Magharibi. Semeni kama mhusika alikuwa hai. Mwisho angalieni orodha ya sasa ya mji wenyewe, si kamusi ya zamani, kwani kitabu cha 1995 hakitakuwa na Bersarin, na cha 2015 bado kina Hindenburg. Na msichanganye heshima hii na ile ya Berlin iitwayo Stadtältester, inayotolewa kwa waliotumikia uongozi wa mji kwa miaka mingi, wala na heshima za vyuo vikuu, ambazo baraza la mji halina sauti nazo.

Wenu,
Wasomaji, wafuatiliaji wa historia ya miji ya Ujerumani